Mkono wa Betram Uliolala Ganzi

Gongo la Mboto,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya misa ya kwanza.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Kamwene. Naomba Mungu barua hii ikukute umeamka vizuri, na lile goti lako la kushoto limeivumilia baridi ya Njombe ya mwaka huu. Viazi vya shamba la juu mmeshavuna, au bado mnamsubiri Baba Mdogo apate nafasi? Mjukuu wako Noela anakusalimu. Ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akicheka anafanana na wewe, usinune. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio hauna amani, na ndiyo maana leo unapata karatasi badala ya simu.

Simu nimejaribu. Wewe ukipokea unaweka sauti ya juu mpaka kuku wa jirani wanajua habari zetu, na Jumatano na Ijumaa nilipopiga alipokea Baba Mdogo. Maneno niliyonayo yanatakiwa yakufikie wewe kwanza, peke yako. Barua hii nitampa Mwalimu Hilda, binti wa mzee wa kanisa wa hapo kwetu, anayefundisha huku. Anapanda basi kesho alfajiri na ameniahidi ataiweka mkononi mwako mwenyewe jioni hiyo hiyo. Kaa chini, Mama. Isome mpaka mwisho kabla hujamwita mtu.

Nilikudanganya.

Jumanne nilikuambia vidole vya Betram vimetoka malengelenge kwa sababu ya dawa waliyomchoma hospitali. Si kweli. Vidole vya mwanao niliviunguza mimi, kwa maji ya moto, kwa mikono yangu hii miwili. Sasa kwa sababu ya uongo wangu Baba Mdogo amesema anakuja Jumatano kumchukua mdogo wangu, amrudishe nyumbani kwa mtaalamu wa mifupa wa kijijini. Na Ijumaa Betram anatakiwa aingie tena chumba cha upasuaji. Daktari amesema wazi, bila kuzunguka: akiondoka kabla ya hapo, vidole vitatu vya mkono wa kulia vinaweza kukakamaa, au vikaoza vikakatwa. Fundi wa kuchomelea mageti, Mama, mkono wa kulia ukimharibikia atafanya kazi gani?

Acha nianze mwanzo, ili usije ukasikia nusu tena.

Geti lilivyomwangukia pale gereji wanapochomelea, hilo unalijua. Mifupa miwili ya kifundo cha mkono ilivunjika, wakasema Jumamosi watampasua waiweke sawa kwa vyuma vyembamba. Usichokijua ni mazungumzo ya asubuhi ile. Alikuja daktari wa usingizi, mama mmoja mfupi, anaongea taratibu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Akavuta kiti akakaa karibu na kitanda. Akasema Betram hatalazwa usingizi mzima. Watamchoma sindano kwapani, karibu na mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi, mkono ulale peke yake na yeye abaki macho.

Kisha akasema, "Kwenye dawa ya ganzi nitachanganya na mofini kidogo sana, ikae hapo hapo karibu na mshipa. Ganzi ikiisha, maumivu yasimvamie yote kwa mpigo."

Mofini! Nikashika chuma cha kitanda, Mama. Nikaiona akilini ile chupa ya mofini ya Baba dirishani, na kijiko chake, na wewe siku ya tatu baada ya mazishi ukiimwaga nyuma ya jiko mbele yetu sote. Uliapa kwamba kitu kile hakitaingia tena kwenye mwili wa mtoto wako ungali hai. Betram alikuwa darasa la sita. Alikuwa ameshika upindo wa kitenge chako.

Nikamuuliza, "Daktari, hiyo si wanapewa watu wanaokufa?"

"Wanapewa wanaoumia, dada. Wapo wanaoumia na wanakaribia kufa, na wapo wanaoumia kwa sababu wamevunjika mkono."

Nikamuuliza kama hatazoea, awe kama wale vijana wanaosinzia wamesimama kule barabarani. Hakunicheka. Akasema kwa kipimo kile, mara moja, tena pale kwapani, hilo si la kuogopa. Kinachotakiwa ni kumwangalia anavyopumua, na watamwangalia. Anaweza kuwashwa, anaweza kusikia kichefuchefu. Akaongeza jambo ambalo sikutegemea daktari aliseme: "Sitakuficha, hata sisi wenyewe hatukubaliani. Wenzangu wengine wanasema ganzi peke yake inatosha, mofini pale karibu na mshipa haiongezi kitu kikubwa. Mie kwa wagonjwa wangu nimeona wanapumzika. Asipotaka, nitampa ganzi tupu."

Betram akanigeukia. "Sista, sema wewe. Mama akisikia je?"

Nikamjibu, "Mama hatasikia."

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Akasaini kwa mkono wa kushoto, maandishi kama ya kuku.

Na dawa ilifanya kazi, Mama, lazima niseme ukweli huo pia. Alitoka kule ndani anatabasamu, anajikuna pua, mkono umening'inia kama ameazima wa mtu mwingine. Walimkalisha mpaka mchana wakimhesabia pumzi, wakaona yuko vizuri, wakaturuhusu. Daktari alinishika bega pale mlangoni akanipa masharti. Mkono huu hautasikia kitu mpaka kesho. Uning'inie kwenye kitambaa. Asiulalie. Asiguse kitu cha moto. Vidole vikibadilika rangi mrudi mbio.

Niliitikia kila sharti. Niliposikia "kitu cha moto" nikawaza jiko, pasi, kikombe cha chai, na nikajiambia Noela nitamzuia asimpelekee mjomba wake chai. Maji ya kukanda hayakunipitia kichwani hata kidogo. Wewe ndiye uliyenilea, utanielewa. Kwetu maji ya kukanda hayahesabiwi kuwa kitu cha moto, ni dawa.

Tulifika nyumbani saa tisa. Nilipomlaza kwenye kochi nikaona vile vidole vitatu vilivyotokeza nje ya hogo, ile plasta ngumu, vimevimba vinang'aa. Gumba na cha shahada vilikuwa ndani vimefungwa. Roho ikaniuma. Nikabandika sufuria, nikatia chumvi ya mawe, nikachana kanga yangu kuukuu. Kila kitu nilifanya kama ulivyonifundisha. Unakumbuka uliponikanda baada ya kumzaa Noela? Nililia mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba, na wewe ukasema, "Asiyepiga kelele hajakandwa." Kwako mgonjwa mwenyewe ndiye kipimo. Akishtuka, maji yamefika. Asiposhtuka, yarudishe jikoni.

Betram hakushtuka.

Nilimwekea kitambaa, nikakizungushia vidole, nikakandamiza. Alikuwa ananisimulia jinsi fundi mwenzake alivyokimbia geti lilipoanza kuinama, akiwa na kiatu kimoja. Anacheka. Nikaona maji hayajafika, nikayarudisha jikoni. Mara ya pili kitambaa nilikishika kwa ncha za vidole, nikakikamua kwa kukizungusha kwenye mwiko. Mkono wangu uliiva, wake ukatulia tu. Mara ya tatu hivyo hivyo. Hata nikajisemea, kumbe hii dawa ni kiboko, mpaka kukandwa hakuumi. Nikamfunika vidole kwa kile kitambaa cha moto, nikaenda kupika ugali nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Asubuhi nikafunua.

Sitakuandikia yote niliyoyaona. Cha kati na cha pete vilikuwa na malengelenge makubwa, mengine yamepasuka yamegandamana na kitambaa. Kidole cha mwisho kilikuwa cheupe kama mshumaa. Betram alikuwa ameanza kuvichezesha kidogo, anavitazama, ananitazama.

"Sista, mbona viko hivi? Mie sisikii kitu kabisa, ni kama vinawasha tu."

Unajua nini kilinijia kwanza, Mama? Mofini. Nikasema moyoni, Mama alisema. Na nitakuambia aibu yangu: kwa muda mfupi nilifarijika. Nilifarijika kwamba kuna mwingine wa kulaumiwa.

Akaingia Bi Shamsa, mwenye nyumba wetu, yule mama wa Kiarabu mwenye duka la nafaka ambaye nilikuambia huwa anamletea Noela kashata. Alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akaangalia vidole. Akaangalia sufuria juu ya jiko, kipande cha kanga bado kimo ndani. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Umemkanda?"

Nikakitoa kile kipande cha kanga majini.

"Ee mwanangu wee! Mkono umelala ganzi, unaukandaje? Angekwambiaje kuwa anaungua? Haya, vaa viatu, nyanyuka, tusisimame hapa. Maji ya baridi, yale ya bombani, mmwagie. Wallahi umeniua mie!"

Tulikwenda kwa bajaji, yeye mwenyewe akiwa amemshikilia Betram kifuani kama mtoto wake. Hospitali nesi akauliza nini kimetokea, na kabla sijafungua mdomo Betram akasema, "Nilijimwagia chai, nesi. Uzembe wangu." Nikanyamaza. Yule nesi akamsema vibaya mbele ya watu, kwamba vijana hamsikii mnachoambiwa, na mimi nimesimama pale pale, nimeshika karatasi zake.

Jumatatu yule daktari wa usingizi aliitwa kumwangalia. Akageuza ule mkono taratibu, huku na huku. Akasema, "Chai haizunguki kidole pande zote." Halafu akanitazama mimi. Nilimfuata kwenye korido nikamwambia ukweli, nikilia kamasi zinanitoka. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Nilikwambia kitu cha moto, sikukwambia usikande. Na mie ni mtu wa Tukuyu, nimekandwa utoto wangu wote. Nilipaswa kulijua hilo." Akanieleza kwamba ganzi ndiyo iliyoulaza mkono usisikie, na ile mofini ikasaidia maumivu yachelewe kuja. Hakuna iliyotoa lengelenge hata moja. Dawa ilifanya kilekile alichosema itafanya. Aliyemuunguza ni aliyekuwa na sufuria.

Nimeyaandika maneno haya mara mbili kwenye karatasi nyingine nikayachana. Hii ni mara ya tatu.

Tangu Jumapili ile usiku maumivu yamekuja, na yamekuja na deni lake. Kila siku ya pili tunakwenda kubadilishwa bandeji. Betram unayemjua wewe, aliyeng'olewa jino na fundi baiskeli bila kusema kitu, anauma shuka. Wakati mwingine anapiga kelele mpaka wagonjwa wa vitanda vingine wanageukia ukutani. Juzi aliniambia nikae nje, hataki nimwone. Nilikaa nje nikamsikia.

Ijumaa wanataka kutoa ngozi iliyokufa na kupandikiza nyingine kutoka pajani. Daktari amesema atamchoma tena pale kwapani, ganzi na mofini kidogo, na safari hii ataacha mpira mwembamba karibu na mishipa, ili siku za kubadilisha bandeji waongezee dawa bila kumchoma upya. Atalazwa, ataangaliwa na wao wenyewe. Na amenionyesha kwa kidole, mbele ya manesi wote, akasema huyu dada asikaribie jiko. Nilistahili.

Sasa nije kwenye Jumanne. Uliponipigia ukauliza mtoto ana nini, nilikuwa na majibu mawili mdomoni, la kweli na lile ambalo ungeliamini bila kuuliza zaidi. Nikakuambia, "Walimchoma mofini, Mama, ikamletea malengelenge." Nikasikia ulivyolia. Nikasikia Baba Mdogo nyuma yako akisema, "Si tulisema!" Ningeweza kurekebisha hapo hapo. Nilikata simu, nikasema chaji imeisha, na chaji ilikuwa imejaa.

Na Betram naye amekwama, ndilo linalonitisha kuliko yote. Anasema hataingia Ijumaa kama wewe hujakubali. Nimemwambia yeye ni mwanaume wa miaka ishirini na tano, ana haki ya kusaini mwenyewe. Akanijibu, "Kiapo cha Mama tulishakikanyaga mara moja kwa siri, sista. Mara ya pili mie siwezi." Nikamwambia basi aombe ganzi tupu. Akasema akiomba hivyo itakuwa anamdanganya daktari kuwa haiamini dawa, wakati anaiamini, ila anakuogopa wewe. Ukaidi huo ameutoa kwako, usimlaumu Baba.

Mama, naomba nikuambie jambo la Baba, nalo usilichukulie kama mtoto anakukosoa. Mimi ndiye niliyekuwa nakaa naye mchana wakati wewe uko shamba. Kabla ya chupa ile alikuwa haongei, anaguna tu, ameukunja uso siku nzima. Siku nne za mwisho alipoanza kunywa kijiko kimoja kimoja, uso ulikunjuka. Aliniuliza mahindi yamefika wapi. Alinitania kuhusu mchumba wangu wa wakati ule, akasema ana masikio ya sungura. Ugonjwa ndio uliomuua Baba, na ulikuwa umeshamuua kabla chupa haijaletwa. Nilinyamaza miaka yote hii kwa sababu nilikuona unahitaji kitu cha kukasirikia, na mimi sikutaka kukunyang'anya. Leo nakuomba ukiache, kwa ajili ya huyu aliye hai.

Ninayoyaomba ni machache. Mzuie Baba Mdogo asipande basi Jumatano. Mwambie niliyoyafanya, yote, sitaki tena kujificha nyuma ya dawa. Akitaka kunitukana nipo. Halafu umpigie Betram. Mimi unaweza kuninunia mpaka Krismasi, nitakuja hivyo hivyo na kitenge na mafuta ya kula, nitalala jikoni. Lakini yeye mpigie.

Nisalimie Baba Mdogo, pamoja na hayo yote, kwani najua anakuja kwa upendo. Nisalimie Shangazi, mkunga wetu, na umwambie mtu aliyechomwa ganzi hakandwi, awaambie na wenzake wa kikundi. Bibi mzaa baba mshike mikono yote miwili kwa ajili yangu, na usimsomee barua hii, moyo wake ni mdogo. Katekista mwambie atuombee Ijumaa saa tatu asubuhi, ndiyo saa waliyotupangia.

Kabla sijaifunga nimemsomea Betram, asije akasema nimeandika nyuma ya mgongo wake. Amesikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa. Sasa anaomba kalamu. Sijui anataka kuandika nini kwa mkono wa kushoto, namwachia nafasi hapa chini.

Ni mimi mwanao niliyekukosea, ninayekupenda,

Editha

Mama shikamoo. Ni Betram. Samahani kwa mwandiko.

Editha kaacha kitu makusudi. Yale maji ya kwanza yalipokuwa hayaumi alitaka kuacha. Mie ndiye nilimwambia ongeza moto sista, sisikii kitu. Nilikuwa nacheka. Mara ya tatu pia nilisema mie. Asibebe peke yake.

Sindano naitaka Mama. Naumia sana. Lakini nilikuwepo siku unamwaga ile chupa, nilikuona.

Niambie tu nenda.